CHUMA CHA SHOKA NA MPIRA WA KINGA

Masomo: Kumbukumbu la Torati 19:1-6 na 15-21, Luka 13:1-5, Matendo ya Mitume 28:1-6



Katika somo la kwanza Musa anawapa Waisraeli habari ya watu wawili wanaokwenda msituni kukata miti. Ni majirani, hakuna chuki kati yao tangu zamani. Mmoja anainua shoka, chuma kinachomoka kwenye mpini, kinampiga mwenzake naye anakufa. Ndugu za marehemu wana moto moyoni, wanatafuta kisasi. Je, Mungu anasema nini? Hasemi kwamba aliyeshika shoka ni mlozi. Hasemi waende wakatafute ni nani katika ukoo aliyelegeza chuma hicho usiku. Anasema itengwe miji mitatu, na njia za kwenda huko zitengenezwe, ili mtu huyo akimbilie huko apone, na damu isiyo na kosa isimwagike juu ya nchi.

Tuangalie vizuri, ndugu zetu. Mungu mwenyewe anakubali kwamba chuma kinaweza kutoka kwenye mpini. Kitu kilichotengenezwa na mikono ya watu kinachakaa, kinalegea, kinakatika. Kikikatika, kuna mtu anayeumia. Msiba ni msiba, machozi ni machozi, lakini sheria ya Mungu haituruhusu kumtafuta mkosaji mahali ambapo hakuna kosa.

Tunaleta neno hili kwa sababu ya jambo lililotokea katikati yetu. Kijana mmoja wa parokia yetu alikuwa anashuka mlima wa Ngomo na kinga yake, ile aina ya milimani yenye mipira minene, akitoka Nyangezi kwenda Kamanyola. Nyuma alikuwa amefunga mzigo wa ndizi. Ninyi mnaopita njia ile mnaijua: upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine shimo, kona juu ya kona, na mawe njia nzima. Katikati ya mteremko mpira wa mbele ulipasuka kwa kishindo kama risasi. Kinga ikageuka, kijana akatupwa juu ya mawe. Mkono ulivunjika na uso ulichubuka, lakini Mungu alimzuia asianguke shimoni. Tunamshukuru Mungu kwa hilo.

Siku haikuisha maneno yakaanza. Wengine walisema: mpira haupasuki bure. Wengine wakakumbuka kwamba shangazi yake, mama mzee mjane, alikuwa amemwomba pesa ya sabuni juma lililotangulia naye hakupewa. Halafu katika usiku wa maombi mtu mmoja akasema ameota ndoto, ameona mwanamke mzee akishika gurudumu. Hapo mambo yakawa tayari. Mama yule alitolewa katika nyumba ya kaka yake, na mpaka leo tunapoandika analala katika jiko la jirani.

Sisi mashemasi tulikwenda kumwona mgonjwa, tukaenda pia kwa fundi wa kinga. Fundi alifungua gurudumu mbele yetu. Mpira wa nje ulikuwa umepasuka ubavuni, urefu wa kidole kizima, na nyuzi zake za ndani zilikuwa zimeoza kwa jua. Mwanya huo ulikuwa wa zamani. Ndani yake palikuwa pamewekwa kipande cha mpira mwingine ili kuuziba. Kijana mwenyewe alitwambia kitandani: alinunua mpira huo ukiwa umekwisha kutumika, akaweka kipande kile kwa mikono yake, akitumaini kununua mwingine baada ya mavuno.

Fundi alitufundisha. Mwiba ukitoboa mpira wa ndani, mara nyingi upepo unatoka polepole, unapata nafasi ya kusimama. Lakini ubavu wa mpira wa nje ukikatika, mpira wa ndani unajisukuma na kutoka kwenye mwanya kama utumbo kwenye tumbo lililopasuliwa, na hapo unapasuka mara moja. Tena, mwenye mzigo hujaza upepo mwingi sana. Tena, anayeshuka mlima mrefu akikamata freni bila kuachia, vile vipande vya freni vinasugua chuma cha gurudumu mpaka kinakuwa moto, na upepo ulio ndani ukipata moto unazidi kusukuma. Mpira mzima utavumilia. Mpira uliooza hautavumilia. Mwanya wa zamani, mzigo, upepo mwingi, moto wa freni: sababu nne, na hakuna hata moja iliyotoka kwa mama mjane.

Pengine mtu atasema: mashemasi wanakana kwamba shetani yupo. Hapana. Tunajua kwamba uovu upo na tunaomba kila siku ili tukombolewe nao. Lakini kusema uovu upo ni jambo moja, na kunyoosha kidole kwa mtu ni jambo lingine. Katika sura ileile ya habari ya shoka, mstari wa 15, Mungu anakataza mtu kuhukumiwa kwa ushahidi wa mtu mmoja tu. Na shahidi wa uongo atatendewa yaleyale aliyotaka mwenzake atendewe. Je, ndoto ya mtu mmoja ni mashahidi wawili? Kanisa letu linaheshimu ndoto na maono, maana Mungu amesema nasi kwa njia hiyo mara nyingi. Kwa sababu hiyohiyo Yohana, katika waraka wake wa kwanza, anatuagiza kuzijaribu roho. Maono yanayotoka kwa Mungu yanaita watu watubu na kupatana. Ndoto inayomfukuza mama mzee usiku bila kumuuliza neno lolote, tuipime mara mbili.

Bwana Yesu aliletewa habari kama hii. Mnara wa Siloamu ulianguka na kuua watu kumi na wanane. Watu walifikiri kwamba wale waliokufa walikuwa wabaya kuliko wengine wote wa Yerusalemu. Yesu akakataa. Hakuwatafutia wafu kosa, wala hakutafuta aliyeusukuma mnara. Aliwageukia waliokuwa wanamsikiliza akawaambia watubu wao wenyewe. Basi ajali ikitokea, swali la mkristo si kuuliza ni nani aliyeleta. Ni kuuliza, mimi niliyebaki hai ninaishi namna gani?

Na Mtume Paulo kule Melita, nyoka alipomkamata mkono kwenye moto wa kuni, watu walisema mara moja kwamba ni mwuaji. Walipoona hafi, wakasema ni mungu. Maneno mawili kwa muda mfupi, na yote mawili ni uongo. Ndivyo ulivyo mdomo wa watu mbele ya msiba.

Sisi wa Kanisa hili tunapaswa kuogopa hukumu ya namna hiyo kuliko watu wote. Papa Simon Kimbangu alipoanza kazi yake Nkamba mwaka wa 1921, watu walitupa hirizi na sanamu zao, wakaacha kuishi katika hofu ya jirani. Na yeye mwenyewe alitendewa nini? Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka ule, mahakama ya kijeshi kule Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu, ilimhukumu viboko 120 na kifo, bila mtu wa kumtetea. Mfalme Albert wa Kwanza akageuza kifo kuwa kifungo cha maisha, naye akakaa miaka 30 gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mpaka kufa kwake tarehe 12 mwezi wa 10 mwaka wa 1951. Watoto wa mtu aliyehukumiwa bila mtetezi, tutawezaje kumhukumu mjane bila mtetezi? Tulizitupa hirizi mtoni. Tusiende tena kuziokota kwa jina la kushitaki.

Wapendwa, tunajua nguzo zetu tatu: Upendo, Amri, Kazi. Tuzishike katika jambo hili.

Upendo: mama yule arudi nyumbani. Si kesho kutwa, ni juma hili. Kaka yake aende mwenyewe kumchukua, na wale waliosema vibaya waende pamoja naye, wambebe mzigo wake na kumwomba msamaha mbele ya jirani aliyempokea. Jirani huyo tunamshukuru: jiko lake limekuwa mji wa makimbilio katika nchi yetu. Na kijana, ambaye hakuwahi kumshitaki shangazi yake, amekwisha kutuma neno kwamba anataka kumwona.

Amri: mtu yeyote asitaje jina la mtu katika usiku wa maombi kwa habari ya ulozi. Aliyeota, awaone wazee wa parokia kwa siri, nao watapima. Anayetangaza jina la mwenzake mbele ya watu anavunja amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo.

Kazi: Mungu aliwaagiza waliojenga nyumba waweke ukuta kuzunguka dari, mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba (Kumbukumbu 22:8). Ukuta wa dari kwetu ni kuangalia kinga kabla ya kushuka. Pitisha mkono ubavuni mwa mipira. Ukiona nyuzi zimetokea, usipande, sukuma. Ukiziba mpira wa ndani, pitisha kidole polepole ndani ya mpira wa nje utafute mwiba, maana ukiuacha, kiraka chako ni kazi bure. Mpira mzuri zaidi uwe mbele. Katika mteremko mrefu simama mara kwa mara chuma kipoe. Na mpira wa mbele ukipasuka, usikamate freni ya mbele kwa nguvu. Nyoosha mikono, rudisha uzito wa mwili nyuma, shika freni ya nyuma polepole mpaka usimame. Wenye uwezo kati yetu wachangie ili kijana huyu apate mpira mpya mkono ukipona. Komite imekwisha kuanza mchango huo.

Na mwiba ule tuutafute ndani yetu pia. Tunafunga, tunaomba, tunalia, tunaweka kiraka juu ya kiraka. Lakini chuki ya sabuni na pesa ndogo imebaki ndani, inangoja mteremko. Tusiikaribie Meza Takatifu kabla ya kuing'oa.

Ee Mungu Baba, utusamehe kwa damu isiyo na kosa. Uwaponye waliovunjika viungo na waliovunjika mioyo. Uwalinde watoto wetu katika milima. Katika jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.