Mwalimu Collins wa Garfield Park

Mwaka 1975 Marva Collins, aliyekuwa mwalimu wa shule za serikali mjini Chicago, Marekani, alichukua dola 5,000 za akiba yake ya pensheni akafungua shule mtaani kwake, Garfield Park, walikoishi Wamarekani weusi wengi wa kipato kidogo. Akawapokea hata watoto waliokwisha kuambiwa kwamba hawafundishiki.

Alianza na sauti za herufi: mtoto atamke, aunganishe, asome neno zima mwenyewe. Baadaye akawapa tamthilia za Shakespeare, naam, watoto wa shule ya msingi! Na mtoto akijibu, aliulizwa tena: kwa nini unafikiri hivyo? Hapo ndipo ninapompendea. Darasa zima likiitikia “ndiyo, mwalimu”, hujajua nani ameelewa. Mtoto akieleza sababu zake, unaona alipofika na alipokwama.

Alipofikiriwa kwa uwaziri wa elimu mwaka 1980, alichagua kubaki na wanafunzi wake. Na walimu wengine akawafundisha mbinu zake.

Mwalimu mkuu uliye njiani kwenda shuleni, tafadhali, leo ingia darasa moja, ukae dawati la nyuma, usikilize maswali yanayoulizwa.