Saa 32 za Kusikiliza

Mwezi Septemba 1849, katika nyumba iliyotazamana na mto Seine pale Croisset, jirani na mji wa Rouen nchini Ufaransa, kijana wa miaka 27 aliwaita rafiki zake wawili aliowaamini kuliko watu wote. Gustave Flaubert alikuwa hajachapisha kitabu hata kimoja. Masomo ya sheria aliyaacha njiani, baba yake alikwisha kufariki, na kwa miezi kama 16 alikuwa amejifungia na mswada mmoja. Sasa mswada umekamilika, na masharti yake yalikuwa haya: atausoma mwenyewe kwa sauti, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, na mpaka afike mwisho wasikilizaji wasitamke neno.

Mmoja wa wasikilizaji hao, Maxime Du Camp, alikisimulia kisa hiki zaidi ya miaka 30 baadaye katika kumbukumbu zake. Anasema usomaji ulichukua siku nne. Walikaa kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi, wakapumzika, kisha wakarudi saa mbili usiku hadi saa sita. Saa nane kwa siku, saa 32 kwa jumla.

Nakileta kisa hiki kwa ajili ya wale wanaokutana kusomeana kazi zao wakiwa bado hawana jina: walimu wenye riwaya iliyofichwa kabatini, wanafunzi wenye daftari la mashairi, wastaafu wanaoandika maisha yao. Najua wengi wao wanapanga kufanya kama Flaubert. Watamaliza kwanza, ndipo waonyeshe.

Mswada wenyewe uliitwa Majaribu ya Mtakatifu Antoni. Mwaka 1845, akiwa Genoa, Flaubert aliona mchoro uliodhaniwa kuwa wa Bruegel, ukimwonyesha Antoni, yule mtawa wa jangwani Misri, akizungukwa na mashetani. Picha hiyo haikumtoka kichwani. Akaanza kuiandika Mei 1848, kwa umbo la mchezo wa kuigiza usioweza kuigizwa, na akaingiza humo kila alichokuwa amekisoma: madhehebu ya kale, miungu iliyosahauliwa, dhambi zikitembea na kusema kama watu. Kila kiumbe anatokea mbele ya Antoni, anasema maneno yake, anaondoka, anakuja mwingine. Hakuna tukio linalozaa tukio. Mtu anaweza kusikiliza kwa saa mbili akifurahia uzuri wa sentensi, lakini saa ya tatu ataanza kujiuliza wanakwenda wapi.

Ndivyo walivyojiuliza wale wawili. Du Camp anaeleza jinsi walivyotazamana kimyakimya, wakingoja kwamba labda sehemu inayofuata ndiyo itakayofungua mambo. Mama Flaubert alikuwa akiwavuta pembeni na kuwauliza wanaonaje, nao hawakuthubutu kumjibu. Fikiria hali yao. Siku ya kwanza tatizo lilikuwa dogo: mahali fulani hotuba imerefuka. Siku ya pili likawa tatizo la sura nzima. Kufikia siku ya nne lilikuwa tatizo la kitabu chote, na wao walikuwa wamelibeba lote, hawana ruhusa ya kutua hata kipande chake.

Usiku wa manane wa siku ya mwisho Flaubert alifunga mswada, akataka jibu la wazi. Aliyejibu alikuwa Louis Bouilhet, mshairi aliyeishi kwa kufundisha Kilatini mjini Rouen, mtu mpole na mwenye haya. Kwa maelezo ya Du Camp, alisema kwamba waonavyo wao, mswada huo utupwe motoni na usitajwe tena. Flaubert alishtuka kama mtu aliyechomwa kisu. Walibishana usiku kucha, mstari kwa mstari, na jua lilikuwa limekwisha kupanda walipoachana. Du Camp anaongeza kwamba mama yake Flaubert hakuwasamehe upesi. Aliamini kwamba vijana wale wamemwonea mwanawe wivu.

Hapo ndipo wasomaji wa kisa hiki hugawanyika. Wapo wanaosema rafiki zake walikuwa wakatili, na wapo wanaosema walimwokoa, kwa kuwa mwaka wa pili baada ya hapo alianza kuandika Madame Bovary, riwaya iliyoibadili sanaa ya riwaya. Mimi nasema kosa lilikuwepo kabla hawajafungua kinywa. Lilikuwa katika lile sharti la kunyamaza. Angesoma kurasa 20 za kwanza mwaka 1848, wangemwambia kwamba hotuba hazisogezi jambo lolote mbele, naye angeamua mapema kama anataka kazi ya namna hiyo au la. Alipowafunga midomo kwa saa 32 hakuacha nafasi ya ushauri. Aliacha nafasi ya hukumu tu, na hukumu juu ya kazi ya miezi 16 haiwezi kutoka ikiwa laini, hata mdomo unaoitoa uwe wa mtu mwenye haya.

Watunzi wa pwani yetu hawakufanya hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na watunzi wa Lamu, shairi kwa shairi, na jibu lilikuja wakati maneno bado yana moto. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, lilifungua kurasa zake kwa mashairi ya wasomaji, na Shaaban Robert ni mmoja wa waliokua humo. Mtu alituma beti chache, zikachapwa, mwenzake wa mkoa mwingine akazijibu katika toleo lingine, akimkosoa kina au hoja, naye akarudi tena. Aliyejifunza hivyo alipata makosa yake kidogo kidogo. Waandishi wa riwaya hatukuurithi utaratibu huo, maana riwaya ni ndefu na haijibiwi kwa riwaya, na naona tumepoteza kitu kikubwa. Mtu anaandika miaka mitatu peke yake, kisha anamkabidhi mwenzake kurasa 300 na kumwomba maoni. Yule mwenzake anapiga moyo konde, anasoma 40, anasema hongera, umeandika vizuri. Kijana wa Croisset angalau alipata watu waliokaa hadi mwisho.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo Flaubert aliondoka Paris pamoja na Du Camp kwa safari ndefu ya Misri na nchi za Mashariki ya Kati. Jeraha alikwenda nalo. Katika barua aliyomwandikia mama yake kutoka Cairo mwanzoni mwa 1850, alikuwa bado anajiuliza kama kazi yake ilikuwa nzuri au mbaya, na nani aliyekosea, yeye au wenzake. Kumbuka yuko kwenye nchi ya Antoni mwenyewe, na bado swali ni lile.

Du Camp anadai kwamba siku ya pili baada ya hukumu, wakiwa bustanini, Bouilhet ndiye aliyempa Flaubert wazo la kuandika habari za Delamare, tabibu wa kijijini katika wilaya yao, na misiba ya ndoa yake. Habari hiyo ni tamu, lakini tarehe zinaikataa. Tabibu huyo alifariki Desemba 1849, miezi mitatu baada ya ule usiku, na Flaubert akiwa tayari ng'ambo. Du Camp alikuwa akikumbuka mambo ya ujanani, akayasogeza ili kisa kikae sawa. Ninalitaja hili kwa sababu hadithi ya rafiki mkali anayekuvunja leo na kukupa kazi yako kuu kesho yake asubuhi inapendwa sana na watu wanaopenda kukosoa wenzao. Haikuwa hivyo. Kati ya hukumu na ukurasa wa kwanza wa Madame Bovary ilipita miaka miwili.

Kilichobadilika kweli ni utaratibu wa kusomeana. Flaubert alianza riwaya hiyo Septemba 1851, na safari hii hakungoja mwisho. Bouilhet alikuja Croisset Jumapili, na Flaubert akamsomea alichoandika wiki hiyo. Mara nyingine kilikuwa kidogo sana, maana aliandika polepole mno, na wiki nzima iliweza kuzaa ukurasa mmoja au miwili. Walikaa juu ya sentensi moja kwa muda mrefu. Bouilhet alimwambia neno hili limejirudia, aya hii inajionyesha, hapa msomaji atachoka. Flaubert alibisha, akakasirika, na mara nyingi akakubali. Du Camp anasimulia kwamba kulikuwa na maelezo marefu ya kitu cha kuchezea watoto, yaliyoandikwa kwa ustadi mkubwa, na Bouilhet akashikilia mpaka yakaondolewa. Bouilhet alipohamia Paris mwaka 1853, barua zilichukua nafasi ya Jumapili. Riwaya ilikamilika mwaka 1856, baada ya miaka minne na nusu.

Bouilhet huyo ndiye aliyesema tupa motoni. Kama alikuwa na wivu, mbona alitoa Jumapili zake zote hizo kuipamba kazi ya mwenzake, huku mashairi yake mwenyewe yakimngoja mezani? Katika jamii zetu husuda ndiyo maelezo ya kwanza anayopewa mwandishi akikosolewa, na mara nyingi wanaompa maelezo hayo ni watu wa nyumbani wanaompenda. Nami naelewa, mama hawezi kukaa mlangoni asikie mwanawe akivunjwa. Lakini mwandishi hana haja ya kubahatisha nia ya mkosoaji. Amtazame miezi inayofuata: je, anarudi kusoma tena?

Du Camp naye alirudi, lakini kwa njia nyingine. Mwaka 1856 alikuwa mmoja wa wakuu wa jarida la Revue de Paris, lililokubali kuchapisha Madame Bovary kwa sehemu. Julai alimwandikia Flaubert barua akimtaka awaachie wao mamlaka ya kukata wanapoona inafaa, na akapendekeza kazi hiyo ifanywe na mtu atakayelipwa faranga 100. Kwa haki yake, jarida lilikuwa likiandamwa na serikali, na hofu yake haikuwa ya kubuni. Hata hivyo huyu hakuwa tena msikilizaji wa zile siku nne. Alikuwa anasoma kwa niaba ya ofisi. Riwaya ilianza kutoka tarehe 1 Oktoba. Jarida likakata tukio la gari la farasi linalozunguka mitaa ya Rouen mapazia yakiwa yamefungwa, kisha likataka kukata zaidi, hata Flaubert akadai ichapwe taarifa kwamba wasomaji wanaona vipande tu, si kitabu chake. Makato hayakuliponya jarida. Serikali ilimshtaki mwandishi pamoja na watu wa jarida kwa kuchafua maadili, na tarehe 7 Februari 1857 mahakama ikawaachia huru. Mwezi Aprili kitabu kikatoka kikamilifu, na yaliyokatwa yamerudishwa.

Weka basi wasomaji hao wawili kando kwa kando. Septemba 1849 walisema neno moja, kwa sauti moja. Miaka saba baadaye mmoja anamwambia Flaubert aondoe kurasa kwa sababu zinaifanya sura idhoofike, mwingine anamwambia aondoe kurasa kwa sababu zinaweza kuleta polisi. Makosa ya waandishi wengi wachanga yako hapa: wanazipa sauti hizo mbili uzito mmoja. Mhariri anayehofia soko, mwalimu anayehofia mtaala, ndugu anayehofia kwamba ukoo utatambulika, wote hao wanaweza kuwa na hoja, na wakati mwingine ni lazima wasikilizwe. Ila wanachokujibu si swali la kama kazi imesimama.

Ule mswada haukutupwa motoni. Hilo nalo ni funzo, kwa sababu nimeona vijana wakichoma daftari kwa neno la mtu mmoja, na wengine wakifuta faili usiku wakiwa na hasira. Flaubert aliuweka. Mwaka 1856, mara tu alipomaliza Madame Bovary, aliutoa tena akaupunguza sana, na sehemu zake zikachapwa katika jarida la L'Artiste. Kisha akaurudisha kabatini. Akauandika kwa mara ya tatu baada ya kifo cha Bouilhet, kilichotokea Julai 1869, pigo alilolia nalo katika barua nyingi, kwa kuwa alihisi ameondokewa na dhamiri yake ya uandishi.

Alihitaji msikilizaji mwingine. Mwanzoni mwa 1872 alikaa siku nzima na Turgenev, mwandishi wa Kirusi, akamsomea kurasa 115 za Mtakatifu Antoni zilizokuwa tayari. Kitabu hakikuwa kimeisha. Flaubert alimwandikia mwandishi mwenzake George Sand kwa furaha kubwa jinsi mgeni wake alivyojua kusikiliza na kukosoa. Siku hiyohiyo alimsomea pia karibu nusu ya mashairi ya mwisho ya Bouilhet, aliyoyakusanya na kuyaandikia dibaji yeye mwenyewe. Mwezi huohuo wa Januari alichapisha barua kali kwa halmashauri ya mji wa Rouen, iliyokataa kuweka ukumbusho wa Bouilhet. Majaribu ya Mtakatifu Antoni yalitoka kitabuni mwaka 1874, miaka 25 baada ya zile siku nne, kitabu kifupi mno kuliko kile cha kwanza. Ukumbusho wa Bouilhet ulisimamishwa Rouen mwaka 1882.