Je, Yafaa Kuuchagua Ualimu kwa Kukosa Kazi Nyingine?



Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakiisha kutangazwa, nyumba nyingi za pwani yetu, tangu Bunju na Mapinga hata Kerege, Zinga na Bagamoyo mjini, huingia katika mashauri. Baba mvuvi, mama mwuza nazi, na mjomba aliyesaidia ada, wote huketi na kijana na kuulizana, Asome nini? Na mara nyingi shauri huishia kwa neno hili: Basi, akasome ualimu. Twataka kulipima neno hili “basi”, maana ni fupi kinywani lakini lina uzito mwingi.

Kwanza tuieleze njia ilivyo, ili wazazi na waalimu wa dini waweze kuwashauri vijana wao. Tume ya Vyuo Vikuu imeweka kipimo cha chini kwa waliomaliza kidato cha sita tangu mwaka 2016, yaani kufaulu masomo mawili yenye jumla ya alama 4.0. A huhesabiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Basi mwenye D mbili amefika mlangoni, ingawa chuo chaweza kutaka zaidi. Na atakayekuwa mwalimu wa sekondari yampasa awe amefaulu masomo yale atakayofundisha. Vyuo havipo mbali nasi. Bagamoyo kipo chuo cha Marian cha ndugu zetu Wakatoliki. Dar es Salaam kipo Chuo Kikuu kilichoanza mwaka 1961, na tawi lake la elimu la Chang’ombe tangu mwaka 2005. Na Kanisa letu lina Makumira, kule Arusha. Kijana aliyekubaliwa na vyuo viwili au vitatu hupelekewa namba ya siri katika simu, naye huthibitisha kimoja tu. Vingine huviacha. Hapo ndipo kuchagua kunapokuwa kuchagua kweli.

Sasa tuulize, ni sababu gani zinazowafikisha vijana hapo? Twazisikia mbili kuliko zote. Wa kwanza asema, Nalitaka udaktari, alama zangu hazikutosha. Wa pili asema, Nafuata mkopo, kwa kuwa Bodi ya Mikopo imewatanguliza mara nyingi waalimu wa sayansi na hesabu. Na wazee huwatuliza wote wawili kwa mithali, Mchagua nazi hupata koroma.

Hatuwezi kuwahukumu vijana hawa upesi. Umaskini si dhambi, wala alama ndogo si dhambi. Walakini kwa habari ya mkopo yatupasa kusema wazi. Mkopo ni deni, na kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka amalize. Wala kazi haimngoji mtu mlangoni kama zamani, wahitimu walipopangiwa shule mara moja; wengi sasa huomba, husailiwa, na kungoja miaka. Basi aingiaye kwa ajili ya fedha tu aweza kuzikosa fedha zenyewe, na asiwe na kitu kingine cha kumshika.

Lakini shauri hili lina jambo kubwa zaidi. Mtu akichagua vibaya kazi ya duka, hasara ni yake. Akichagua vibaya ualimu, hasara kubwa humwangukia mtoto, ambaye hakuwako barazani siku ile ya mashauri. Mtoto hamchagui mwalimu wake. Pwani yetu yapaswa kulijua neno hili kuliko nchi nyingine. Karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilishuka Bagamoyo, na waliofungwa hawakuulizwa waendako. Mwaka 1868 mapadre wa Roho Mtakatifu walianza misheni yao hapa, wakawakomboa watoto na kuwafundisha kusoma, kulima na kazi za mikono. Watoto wale hawakuchagua bwana aliyewauza, wala hawakuchagua mwalimu aliyewapokea. Kila jambo lao lilitegemea mioyo ya watu wazima. Mtoto wa darasa la kwanza leo ni mtu huru, ashukuriwe Mungu. Lakini katika jambo hili la mwalimu yu mikononi mwa wengine vile vile.

Ndiyo maana Yakobo, katika mlango wa tatu wa waraka wake, hawakaribishi watu wengi katika ualimu, bali awaonya kwamba hukumu yao ni kubwa zaidi.

Hapa mtu atajibu, Mbona tumewaona waalimu hodari walioingia kwa kukosa njia nyingine? Ni kweli, nasi tumewaona. Na Maandiko yanaye mmoja wa namna hii, ndiye Yona. Aliitwa aende Ninawi, naye akalipa nauli ya chombo kiendacho upande mwingine. Alifika Ninawi kwa njia ambayo hakuitaka kabisa, lakini kazi yake ilizaa matunda, mji mzima ukageuka. Basi Mungu aweza kumtumia mtu aliyeingia bila kupenda. Lakini tusiache kusoma mlango wa mwisho. Yona aketi nje ya mji, amekasirika, auhurumia mmea uliomtilia kivuli. Bwana amwuliza kwa habari ya watu zaidi ya 120,000 wasioweza kupambanua mkono wao wa kuume na wa kushoto. Yona hakukemewa kwa mlango alioingilia, kwa maana hilo lilikuwa limekwisha. Aliulizwa kwa ajili ya huruma aliyowanyima watu aliokwisha kuwafundisha.

Hivi ndivyo tuonavyo sisi. Si kosa kuingia ualimu kwa mlango wa pili. Kosa ni kuthibitisha jina lako hali umekusudia moyoni kuwafanya watoto wawe kivuli cha kupumzikia, mpaka upate kazi uipendayo. Mithali ya nazi yamwonya mwenye kiburi anayekawia. Haimwamuru mtu kuchuma akiwa amefumba macho.

Twamshauri kijana hivi. Kabla ya kuthibitisha, jitie katika jaribio. Chukua watoto watatu wa jirani wasiojua kusoma vizuri, au darasa moja la shule ya Jumapili, ukae nao mwezi mzima. Kisha usijiulize kama walikusifu. Jiulize, yule mzito kuliko wote ulimwona kuwa mzigo, au ulikesha ukitafuta njia nyingine ya kumweleza? Kama ulikesha, nenda chuoni bila aibu, hata kama ualimu ulikuwa chaguo lako la tatu. Kama ulimchukia, na mwezi ulipokwisha ukamchukia vile vile, tafuta kazi nyingine ya halali. Utakuwa umewatendea mema watoto usiowajua.

Nasi wazazi na sharika tuna sehemu yetu. Tukimpongeza kanisani aliyekubaliwa kusomea udaktari, na aliyekubaliwa kusomea ualimu tukampa pole, twamfundisha kuidharau kazi yake kabla hajaianza. Kisha miaka michache baadaye twampelekea watoto wetu, tukitumaini atawapenda. Katika sharika zetu za zamani mtu mmoja alifundisha shule asubuhi na katekisimo jioni, na watu wote walimwita Mwalimu kwa heshima. Na tuirudishe heshima hiyo, ili neno “basi” liondoke katika mashauri yetu.

Bwana awape vijana wetu macho ya kuona, na watoto wetu waalimu wenye huruma.