Ufa Uliofichwa

Mtu akiuona ufa katika ukuta wa jirani yake, akanyamaza ili siku moja apate kuchungulia humo, je, hana hatia mwivi akiupitia?

Tarehe 12 Mei 2017 programu iliyoitwa WannaCry ilienea duniani, ikayafunga mafaili ya kompyuta na kudai fedha ili kuyafungua. Katika Uingereza upasuaji uliahirishwa, na wagonjwa wengine wakapelekwa hospitali za mbali. Magazeti yaliwalaani wezi, nao walistahili. Lakini ufa walioupitia ulikuwa umekwisha kujulikana. Kwa maelezo ya Microsoft, idara ya ujasusi ya Marekani, NSA, iliugeuza ufa huo kuwa silaha yake ya siri. Kisha silaha hiyo ikaibwa, na mwezi wa Aprili ikamwagwa hadharani.

Jasusi atajitetea kwamba alinyamaza ili awalinde watu wake. Utetezi huu siudharau, maana taifa lisilo na siri haliwaoni adui zake. Walakini bunduki iliyofichwa hukaa ghalani mwa mwenyewe. Ufa uliofichwa hukaa katika nyumba za watu wasioulizwa, hata kando ya kitanda cha mgonjwa.

Na yule aliyepewa kiraka asikitie? Microsoft ilikitoa mwezi wa Machi, miezi miwili kabla ya msiba. Hapa ulimi wangu unakuwa mzito, kwani simu yangu imeniomba kiraka juma zima, nami kila jioni huijibu: kesho.