Sala Katika Skuli: Tutakacho Kwa Wenzetu Nasi Tukitoe

Ama baad. Limekuwa likizungumzwa katika baraza zetu suala hili: je, ni haki kusaliwa ndani ya skuli za serikali? Wako wasemao ndiyo kwa kila hali, na wako wasemao dini iachwe mlangoni. Sisi twaona makundi yote mawili yamechanganya mambo mawili yasiyolingana: kumwachia mtu asali, na kumsalisha asiyetaka.

Huko Marekani, mwaka 1962, mahkama ya juu kabisa ya nchi ile ilikataza dua iliyotungwa na wakuu wa elimu wa jimbo la New York isomwe skulini kila asubuhi. Wengi walilalama kuwa Mungu amefukuzwa madarasani. Lakini lililokatazwa ni serikali kuwatungia watu ibada. Mwanafunzi aombaye kwa nafsi yake hakukatazwa.

Tuje kwetu. Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuabudu, peke yake au pamoja na wenziwe, na kinakataza asilazimishwe kutenda lililo kinyume cha dini yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inawapa wafadhili wa skuli, ambao wengi ni makanisa, kazi ya kukuza mambo ya kiroho, kwa sharti la kuhifadhi dini za wengine.

Basi mtazameni mtoto wa Kiislamu wa mtaa wa Dallas, mjini Embu, asomaye katika skuli ya namna hiyo. Adhuhuri huko huingia karibu na saa sita na nusu, na Alasiri karibu na saa kumi. Ahitajicho ni maji ya udhu, pahala safi pa kutandika mkeka, na dakika chache. Hapunguzi kitu katika haki ya mwenziwe. Akinyimwa hayo amedhulumiwa. Na akilazimishwa kuingia katika ibada isiyokuwa yake, amedhulumiwa mara mbili.

Lakini je, sisi watu wa pwani? Katika skuli tunazozisimamia wenyewe, mtoto wa Kikristo tunamwachia dini yake, au twamtia safuni pamoja na wetu? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Na Sura ya Mutaffifin imewaonya wale wajipimiao kamili na kuwapunja wengine.

Atasema msemaji: dini yetu ndiyo ya haki, vipi tuwalinganishe? Twamjibu: ukweli wa dini hauhalalishi kulazimisha. Katika Sura ya Baqara, aya ya 256, Mwenyezi Mungu amekanusha kulazimishana katika dini. Tena, mafakihi wetu wamekubaliana kuwa sala bila ya nia haisihi. Aliyeinamishwa kwa hofu ya fimbo hakusali. Amefundishwa unafiki tu. Na imesimuliwa katika vitabu vya sira kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaachia Wakristo wa Najran wasali ibada yao katika msikiti wake.

Haki hii idaiwe kwa utaratibu wake. Kesi ya hijabu ya skuli moja ya Isiolo ilishindwa katika Mahkama Kuu ya Meru mwaka 2015, ikashinda katika rufani mwaka 2016. Na mwaka 2019 Mahkama ya Juu ikautengua ushindi ule kwa kuwa dai halikuletwa kwa njia ipasayo. Wazazi na waende mapema kwa halmashauri ya skuli, kwa maandishi na kwa adabu, waombe pahala na wakati.

Na kumfundisha mtoto sala ni wajibu wa mzazi nyumbani kabla ya mwalimu mkuu. Asiyezoezwa kusali kwao, hata akijengewa msikiti skulini hatauingia.

Wabillahi tawfiq.