Maji ya bidoni ni ya nani?

Siku moja darasani niliwauliza wanafunzi: mtu akinunua kitu kwa franga zake, ana haki ya kukitupa ovyo? Karibu wote walijibu ndiyo. Kijana mmoja akaongeza: "Na maji je, Mwalimu? Maji ni ya Mungu, nikimwaga nani atalia?" Wakacheka wote. Msichana mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ndogo: "Mwenye kwenda kuchota."

Jibu hilo nilirudi nalo nyumbani. Kwetu Kamanyola bidoni moja ni lita 20, ndiyo kusema kilo 20 juu ya kichwa cha mtoto kabla ya masomo. Jioni mimi baba narudi, naosha miguu kwa nusu ya bidoni, namwaga. Sijaiba kitu cha mtu. Lakini nimemwaga asubuhi ya binti yangu.

Zamani kwa bibi hakuna kilichotoka nyumbani bure. Maji ya kuosha mboga yalikwenda kwenye shina la mgomba. Maganda ya muhogo yalikaushwa, mbuzi wakala. Majivu yalichanganywa na maharagi ya akiba ili wadudu wasiyaharibu, mengine yakasugua sufuria. Siku hizi tunafundishwa hayo kwenye semina eti ni mambo mapya! Tusiwapambe wazee kupita kiasi, hata hivyo. Aliyekuwa akifanya akiba ni bibi na wasichana wake. Babu alikuwa akikaa.

Kuna mtu ataniuliza: na ule ugali mwingi tunaopika kuliko tumbo letu, si hasara? Hapana. Sufuria huachwa na kitu kwa sababu mgeni hatumi barua. Babu naye aliacha vipande kwenye sahani, na sisi watoto tulijua ni vyetu. Kile kiliachwa kwa ajili ya mtu. Kutupa ni kuacha kitu bila kumfikiri mtu yeyote.

Sasa angalia sashe za plastiki. Mbuzi hafaidiki nazo, akizimeza anakufa. Mvua ya Bukavu inazisukuma ziwani Kivu, zinaingia Ruzizi, zinakwama kwenye bwawa la umeme la Ruzizi I. Wafanyakazi wanaziopoa, mitambo inasumbuka, na yule aliyetupa analalamika gizani kwamba umeme umekatika. Zinazopita zinafika kwetu. Tunawalaumu watu wa Bukavu, halafu tunaongeza zetu, na mto unapeleka zote ziwani Tanganyika, kwa ndugu zetu wa Uvira wanaovua ndagala.

Sheria zipo. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008. Dekreti yetu ni ya tarehe 30 Desemba 2017. Mama zetu waliokuwa wakienda soko la Bugarama walijua vizuri: kabla ya mpaka, vitu vyote ndani ya kikapo. Wakirudi upande wetu, chumvi inafungwa tena ndani ya sashe. Ni mama yuleyule, kikapo kilekile mkononi. Je, dhamiri inabadilika kwa kuvuka mto? Nafikiri ile ya kule haikuwa dhamiri, ilikuwa woga wa duane. Sidharau woga, unasaidia. Lakini hauwezi kumfuata mtu paka jikoni kwake.

Ndiyo maana nyumbani sikuweka sheria. Nilibadilisha wachotaji tu: Jumamosi na Jumapili ni mimi na vijana wangu. Tulikuwa tunamaliza bidoni sita kwa siku; siku zetu hizo zinatosha nne, na hakuna aliyehubiri. Kijana wangu wa kwanza ananung'unika kwamba wenzake wanamcheka njiani akibeba bidoni kama msichana. Nilimwambia awaulize maji waliyooga asubuhi yaliletwa na nani. Hajaniletea jibu.