Usiku Mtupu ni wa Nani?

Wale wanaokaa kando ya ziwa Tanganika, huko Uvira, Baraka, Kalemie au Moba, wanazijua taa zinazoonekana usiku mbali juu ya maji, mfano wa mji. Ni taa za wavuvi wa ndagala na mikeke. Nuru huwakusanya samaki, kisha wavu huinuliwa kutoka chini. Zamani taa zote ziliwaka kwa mafuta; siku hizi nyingi zawaka kwa betri. Lakini kazi ni ile ile: kuondoka jioni, kukesha, kurudi asubuhi. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hupumzika, maana nuru yake hushinda nuru ya taa.

Lakini vijana wengi wenye kuvua hawana chombo. Chombo, mashini, wavu na taa ni vya tajiri mmoja wa kijiji. Basi twataka kuuliza swali moja la haki: usiku wavu ukirudi mtupu, hasara ni ya nani?

Tuseme vijana wanne wamepatana na mwenye chombo hivi: kwanza bei ya mafuta ya mashini itatolewa, kisha fedha inayobaki itagawanywa nusu kwa nusu. Usiku wa kwanza hawapati kitu. Mafuta yalikuwa ya faranga 60 000. Mwenye chombo anayaandika katika daftari kuwa deni la vijana. Usiku wa pili wanauza samaki kwa faranga 300 000. Mafuta ya usiku huo, 60 000, yanatolewa. Zinabaki 240 000. Tajiri anachukua 120 000. Katika 120 000 za vijana anakata tena lile deni la 60 000. Kila kijana anarudi nyumbani na faranga 15 000, mshahara wa kukesha mara mbili.

Je, tajiri huyu ametenda haki? Yeye mwenyewe atasema: «Mafuta niliyanunua mimi. Mwenye kutumia mali ya mwingine na alipe.» Tusilidharau neno hilo. Mali ya mtu ni mali yake, na Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanya kazi, aliitetea kwa nguvu. Tena kulipa deni ni amri ya haki. Lakini kwanza tujue kama ni deni kweli.

Hapa lazima tupambanue mapatano ya namna tatu. La kwanza ni kukopesha. Nikikukopesha fedha, fedha inakuwa yako. Ikipotea imepotea kwako, nawe utanirudishia ile ile. La pili ni kukodisha. Nikikukodisha chombo kwa bei iliyokatwa, utanilipa bei hiyo hata usipopata samaki. Lakini ukijaza chombo, samaki wote ni wako, wala siwezi kudai hata kikapu kimoja. La tatu ni ushirika. Mimi natia mali, wewe watia mikono na usingizi wako, na faida twaigawanya.

Mtakatifu Tomasi wa Akwino, katika karne ya 13, aliueleza ushirika huo vizuri. Alifundisha kwamba mwenye kumkabidhi mfanya biashara au fundi mali yake kwa ushirika hakuitoa mali ile mkononi mwake. Ingali yake, na hatari yake ni juu yake. Na kwa sababu hiyo aweza kudai sehemu ya faida, kama tunda la kitu chake mwenyewe. Tazameni vema: kinachompa haki ya faida ni kule kukubali hatari. Akiikataa hatari, amelikata tawi alilolikalia.

Basi mwenye chombo wetu ana kosa gani? Samaki wakipatikana, yeye ni mshirika, anataka nusu. Samaki wasipopatikana, anageuka kuwa mkopeshaji, anataka kurudishiwa yote. Mtu mmoja hawezi kuvaa kanzu mbili kwa mapatano mamoja. Kama ni ushirika, mafuta ya usiku wote wawili, 120 000, yatolewe kwanza. Zitabaki 180 000. Tajiri achukue 90 000, na kila kijana 22 500. Hapo usiku mtupu umebebwa na wote. Zile faranga 7 500 walizopunjwa kila mmoja ni chakula cha watoto wao.

Wengine watasema: «Lakini vijana walikubali wenyewe.» Nasi tunajibu: Papa Leo alikwisha kufundisha kwamba mapatano peke yake hayatoshi, ikiwa mmoja ameyakubali kwa kushurutishwa na umaskini. Mwenye njaa hukubali mengi.

Hata hivyo tusimseme tajiri peke yake. Mshirika lazima awe mkweli. Kijana anayeuza samaki kisirisiri huko ziwani kabla ya kufika pwani, kisha akasema usiku ulikuwa mbaya, ni mwizi. Taa iliyovunjwa na wimbi ni hasara ya wote; taa iliyovunjwa kwa ulevi ni juu ya mlevi.

Tena jambo hili halikomei kwa watu watano. Ziwa letu lina kina cha mita 1470, lakini maji ya chini hayana hewa, na samaki huishi katika sehemu ya juu tu. Ghala ni jembamba kuliko tunavyodhani. Wataalamu wameona kwamba joto la dunia linapozidi, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vema, na chakula cha samaki kinapungua. Kwa hiyo mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa hili kwa miezi mitatu, samaki wapate kuzaa. Lakini mwenye deni atapumzikaje? Deni humtuma ziwani siku ya dhoruba. Humtuma na wavu wa macho madogo karibu na pwani, akavue watoto wa samaki. Ziwa nalo linalipa deni lisilo haki.

Injili inawajua wavuvi. Mt. Marko asema kwamba Zebedayo alikuwa na watu wa mshahara ndani ya chombo chake. Mt. Luka asimulia jinsi Petro alivyokesha bure. Na wavu ulipojaa kwa neno la Yezu, aliwaita washirika wake wa chombo cha pili, vikajaa vyote viwili. Aliyeonja usiku mtupu hakuila asubuhi njema peke yake.

Basi, enyi wenye vyombo na ninyi wavuvi, kabla ya kuondoka jioni semeni wazi: ni kukodi au ni ushirika? Kisha andikeni, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Na kila usiku mwema wekeni fungu dogo sandukuni kwa ajili ya usiku mtupu, kabla ya kugawanya. Usiku huo utakuja, nao usimkute mtu mmoja peke yake.